NASABA NI AMANA: NYARAKA ZA KUSAFIRI NJE NA MTOTO ASIYELINGANA JINA NAWE

(Matini ya darsa iliyotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na kila anayefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Mada yetu ya leo huenda ikaonekana na baadhi yetu kuwa ni mambo ya ofisini, hayastahiki kuletwa msikitini. Lakini kila inapokaribia likizo ya shule, na kila watu wanapojiandaa kwa Umra, wanatujia akina mama na walezi wakiwa na bahasha za vyeti, wakitaka tuwatafsirie karatasi za Kiarabu au tuwasomee fomu. Huyu anampeleka mtoto India kwa matibabu, yule anakwenda Muscat kwa jamaa wa mumewe, mwingine ameitwa na dada yake aliyeko Uingereza. Wote huuliza swali moja: "Ustadh, mimi na mwanangu hatulingani jina. Je, tutapita?"

Baada ya swali hilo huja jingine, nalo husemwa kwa sauti ya chini: je, si afadhali kulibadilisha jina la mtoto ili mambo yawe mepesi? Swali hili la pili ndilo lililotufanya tuilete mada hii mbele yenu. Kwani la kwanza ni la karatasi, na karatasi hupatikana. La pili ni la dini.

KWA NINI MAJINA HAYALINGANI

Katika desturi yetu ya Kiislamu, mtu huitwa kwa jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Mwanamke anapoolewa haachi jina la baba yake. Tuchukulie mfano wa mama aitwaye Zuhura Salim Hamad, ambaye mumewe ni Juma Khamis Rashid. Mtoto wao ataitwa Maryam Juma Khamis. Tukiyapanga majina hayo matatu mbele yetu, hatuoni hata jina moja ambalo mama na mtoto wanashirikiana. Hata baba na mtoto hawalingani jina la mwisho: la baba ni Rashid, la mtoto ni Khamis.

Kwetu sisi hili halina utata. Lakini katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, mazoea ni kwamba nyumba nzima huwa na jina moja la mwisho. Ofisa wa huko aonapo pasipoti mbili zenye majina ya mwisho tofauti, swali humjia.

Pasipoti yenyewe haimpi jibu. Ukurasa wa maelezo una jina la mwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uraia na picha, na chini yake mistari miwili yenye herufi 44 kila mmoja, ambayo husomwa na mashine. Kwa kawaida hakuna mahali hapo palipoandikwa jina la mama wala la baba. Zamani mtoto aliweza kuandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi wake, na uhusiano ukaonekana hapohapo. Utaratibu wa kimataifa wa sasa ni kila mtu na pasipoti yake, hata mtoto mchanga. Basi pasipoti inathibitisha kwamba huyu ni Maryam. Haithibitishi kwamba Zuhura ni mama yake.

KWA NINI WANAULIZA

Wapo wanaodhani kwamba Muislamu huulizwa maswali haya kwa sababu ya jina lake au mtandio wake tu. Hatukatai kwamba dhulma ipo duniani. Lakini katika suala hili ni haki kuijua sababu. Watoto huibwa na kuuzwa. Watoto hutoroshwa na mzazi mmoja bila ya mwenziwe kujua, wakapelekwa nchi ya mbali ambako mzazi aliyebaki hana njia ya kuwafikia. Mwaka 1980 uliwekwa mjini The Hague mkataba wa kimataifa kuhusu watoto wanaochukuliwa na mzazi mmoja na kuvushwa mipaka, na leo nchi zaidi ya 100 zimo ndani yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, nao unazitaka serikali zipambane na utoroshaji huo.

Tena jambo hili si geni kwa wanachuoni wetu. Madhhab ya Imam Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea katika Pwani yetu, imelizungumza katika mlango wa hadhana, yaani ulezi wa mtoto mdogo baada ya wazazi kutengana. Mmoja wa wazazi akitaka kusafiri kwa haja kisha arejee, mtoto hubaki na yule mkaazi mpaka msafiri arudi. Na ikiwa safari ni ya kuhama moja kwa moja, baba ana haki zaidi ya kuwa na mtoto ili nasaba ihifadhiwe, kwa sharti kwamba njia iwe ya amani na kunakokwendwa kuwe na amani. Fuqahaa hao hawakuwa na pasipoti wala viwanja vya ndege. Lakini walikwisha kuuliza anayoyauliza ofisa wa leo: ni nani aliye na haki ya kusafiri na mtoto huyu, na je, mwenziwe anajua?

HUKUMU YA KUBADILISHA NASABA

Sasa tuje kwenye swali linalosemwa kwa sauti ya chini. Mwanamke ameachwa akaolewa na mume mwingine, na mume huyu ana kazi ng'ambo. Anashauriwa: "Mwandikishe mtoto kwa jina la mumeo wa sasa, viza itatoka haraka." Au ami anataka kumchukua mtoto wa ndugu yake akasome nje, anaambiwa: "Toa cheti kipya, ujiandike wewe kuwa ndiye baba." Anayeshauri hivyo huenda akawa na huruma kweli. Lakini anashauri jambo kubwa.

Allah (S.W.) katika Surat al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, ameeleza kwamba mtoto wa kupanga hawi mtoto wa damu kwa maneno ya vinywa vyetu, na akaamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Na pale baba zao wasipojulikana, basi ni ndugu zetu katika dini. Tunajua kisa cha Zaid bin Haritha (R.A.), ambaye Mtume (S.A.W.) alimlea na kumpenda mpaka watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Aya hiyo iliposhuka alirudishiwa jina la baba yake. Mapenzi ya Mtume (S.A.W.) kwake hayakupungua, ila nasaba ilirejeshwa mahali pake. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, limekuja onyo kali la kuharimishiwa Pepo kwa anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake ilhali anajua.

Tuyatazame pia matokeo yake hapa duniani. Mtoto aliyeandikwa kwa jina la ami yake, kwa karatasi amekuwa ndugu wa binti wa ami yake, ambaye kwa sheria ya Allah angeweza kumuoa. Wakitaka kuoana, ofisi itasema hawa ni kaka na dada. Baba yake wa kweli akifa, mtoto atakwenda kudai mirathi na cheti chake kitamshuhudia kuwa si mtoto wa marehemu. Ami akifa, mtoto atahesabiwa na karatasi kuwa ni mrithi wa haki isiyokuwa yake. Na akiwa ni binti anayeolewa, atasimamiwa na walii asiyekuwa walii wake, hali baba yake yu hai. Safari ya majuma mawili imezaa fitna ya miaka 50.

Na hata kwa anayeangalia dunia peke yake, njia hii haina salama. Cheti cha uongo ni kosa la jinai. Uingereza, kwa mfano, humzuia anayegunduliwa kutumia udanganyifu katika ombi la viza kwa muda unaoweza kufikia miaka 10. Na nchi nyingi zinajua kuwa vipimo vya vinasaba huonyesha nani ni mzazi na nani si mzazi.

Wapo pia wanaomshauri mama achukue jina la mumewe ili alingane na mtoto. Hili nalo halina haja. Akibadilisha jina kwenye pasipoti, litapingana na cheti chake cha kuzaliwa, vyeti vyake vya shule na cheti cha ndoa. Ataondoa swali moja alete matatu. Tena hakuna sheria inayodai kwamba mama na mtoto walingane jina ndipo wasafiri. Kinachotakiwa ni ushahidi wa uhusiano wao.

KARATASI NI USHAHIDI

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-an, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Humo tunafundishwa tusichoke kuandika, jambo likiwa dogo au kubwa. Ikiwa mali imepewa uzito huo, mtoto anastahiki zaidi. Basi anayesafiri na mtoto asiyelingana naye jina na aandae mashahidi wake mapema, nao ni hawa wafuatao:

Kwanza, pasipoti ya mtoto mwenyewe. Kuipata kwake kunahitaji cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi au mlezi wa kisheria, kwa hiyo hatua hii isiachwe mpaka wiki ya safari.

Pili, cheti cha kuzaliwa kinachotaja majina ya mama na baba. Huyu ndiye shahidi mkubwa, kwa kuwa ndiye anayesema yale ambayo pasipoti imeyanyamazia. Kadi ya kliniki au tangazo la hospitali havichukui nafasi yake. Tanzania Bara cheti hutolewa na RITA, na Zanzibar kazi hiyo iko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Chukua cheti halisi pamoja na nakala, wala usikitie katika mzigo unaopelekwa chini ya ndege. Kiwe mkononi mwako.

Tatu, barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Itaje jina lake kamili kama lilivyo katika kitambulisho au pasipoti, jina la mtoto na namba ya pasipoti yake, jina la anayesafiri naye, nchi wanayokwenda, tarehe za kwenda na kurudi, mahali watakapofikia na namba ya simu ya kumpata. Isainiwe mbele ya wakili au kamishna wa viapo, na iambatanishwe na nakala ya kitambulisho cha aliyeisaini. Iandikwe kwa Kiingereza, au ifuatane na tafsiri ya lugha inayokubaliwa huko. Marekani na Canada huwashauri wasafiri kuwa na barua ya namna hii, na nchi za Ulaya za viza ya Schengen hutaka fomu ya mtoto isainiwe na mwenye mamlaka ya mzazi au ulezi wa kisheria.

Nne, cheti cha ndoa kwa waliomo katika ndoa. Kwa walioachana, hukumu ya mahakama. Hapa ndugu zetu tuwe waangalifu. Talaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari na kushuhudiwa na watu wawili ina hukumu yake katika fiqhi, lakini ofisa wa ubalozi hawezi kuitegemea. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaweka njia ya kupita Baraza la Usuluhishi kisha mahakama, ambayo hutoa hati baada ya kuridhika kwamba talaka ya Kiislamu imepita. Zanzibar na Kenya kuna Mahakama za Kadhi. Na hukumu itaje waziwazi mtoto anakaa na nani.

Tano, aliyefiwa na mwenziwe achukue cheti cha kifo. Na aliyetelekezwa, ambaye baba wa mtoto hajulikani alipo, asighushi saini yake. Aende Ustawi wa Jamii na mahakamani apate amri ya ulezi. Amri hiyo ndiyo itakayosimama mahali pa barua ya ridhaa.

Sita, uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kabla ya kukata tiketi, maana taratibu hubadilika. Afrika Kusini ilianza mwezi Juni 2015 kudai cheti kamili chenye majina ya wazazi wote wawili kwa watoto wanaoingia nchini humo. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2019 ikalegeza sharti hilo kwa watoto wa kigeni wanaosafiri na wazazi wao. Aliyetegemea habari za mwaka jana huweza kupotea pande zote mbili. Vilevile uliza kama vyeti vyako vinahitaji kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje na kugongwa muhuri na ubalozi. Nchi za Ghuba mara nyingi hutaka hivyo kwa wanaokwenda kukaa.

Na tukumbuke kwamba anayekuzuia mara nyingi si ofisa wa ng'ambo, bali mfanyakazi wa shirika la ndege pale unapokabidhi mizigo. Shirika likimpeleka abiria asiyestahiki kuingia, hulazimika kumrudisha, na pengine hutozwa faini. Kwa hiyo hulitaka jibu kabla hujapanda.

HERUFI MOJA INAPOLETA TABU

Jina la Muhammad kwa Kiarabu lina herufi nne na namna moja ya kuandikwa. Kwa herufi za Kilatini sisi huliandika Muhammad, Mohamed, Mohammed na Muhamadi. Khamis ni Hamisi, Uthman ni Othman na Athumani, Abdallah ni Abdulla na Abdullah. Sikio halioni tofauti, lakini mashine huziona herufi. Cheti cha mtoto kikisema baba ni Hamisi na pasipoti ya baba ikasema Khamis, yule shahidi mkubwa ameanza kutiliwa shaka.

Basi siku ya kumwandikisha mtoto, baba na mama waende na vitambulisho vyao, wayasome majina herufi kwa herufi kabla cheti hakijatoka. Neno "bin" au "binti" likiwekwa katika hati moja liwekwe katika zote, au liachwe katika zote. Ikiwa kosa limekwisha tokea, lirekebishwe kwa aliyekitoa cheti, au iandikwe hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Huku si kubadilisha nasaba, bali ni kuisahihisha.

MAYATIMA NA WATOTO TUNAOWALEA

Kumlea yatima ni katika amali bora, na sheria za leo zinaifahamu kafala. Mkataba wa Haki za Mtoto unaitaja kwa jina lake katika kifungu cha 20, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeieleza pia. Lakini mlezi asidhani kwamba kila nchi itamhesabu mtoto wa kafala kuwa sawa na mtoto wa kuzaa. Mwezi Machi 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililitazama shauri la mtoto aliyelelewa kwa kafala ya Algeria. Ikaamua kwamba hahesabiwi kuwa mzao wa walezi wake, bali huingia katika fungu la jamaa wengine, na nchi husika inapaswa kuitazama hali yake kwa uadilifu na kwa kuzingatia maslahi yake.

Tazameni, ndugu zetu: mahakama hiyo haikuhukumu kwa sharia yetu, lakini nayo ilitofautisha baina ya kulea na kuzaa. Mlezi mkweli, mwenye amri ya mahakama, vyeti vya vifo vya wazazi na cheti cha mtoto chenye jina la baba yake halisi, ana hoja ya kusimama nayo. Aliyeghushi hana.

Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, fiqhi humnasibisha na mama yake. Yeye hana dhambi yoyote, wala haijuzu kumtungia baba wa karatasi kwa kuona haya. Mama yake asafiri naye kwa cheti kinachosema kweli.

NASAHA KWA WAZAZI NA MISIKITI

Tunawausia akina baba wamche Allah (S.W.) katika saini zao. Wapo waliomuacha mke, hawatoi matumizi, kisha mtoto anapohitaji safari ya matibabu wanaizuia barua ya ridhaa ili kumkomoa mama. Mgonjwa hapo ni mwanao. Kuizuia saini kwa sababu ya chuki ni dhulma, na dhulma ni giza Siku ya Kiyama. Tunawausia pia akina mama: baba akiwa na hofu ya kweli kwamba mtoto hatarejeshwa, asifichwe safari. Azungumzwe naye mbele ya wazee, apewe tarehe ya kurudi na anuani. Wakishindwana, Kadhi na mahakama wapo.

Na misikiti yetu ina kazi. Kila ndoa inayofungwa hapa isajiliwe na cheti kitolewe. Kila akika iwe ni siku ya kuwauliza wazazi: mtoto ameandikishwa? Tanzania Bara kizazi hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Pia kuna mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano karibu na wanakoishi, ulioanza mkoani Mbeya mwaka 2013. Mtoto anapewa jina siku ya saba, kisha anakaa miaka 10 bila cheti, mpaka siku ya safari ndipo mbio zinaanza. Hapo ndipo wengi hushawishika kununua karatasi ya uongo.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto ana haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake wa kumzaa. Uislamu ulikwisha kumpa haki hiyo. Tusiwe sisi, tunaoswali, wa kumnyang'anya kwa ajili ya wepesi wa foleni ya uwanja wa ndege.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu katika makazi na katika safari, awashushie rehema mayatima, na atujaalie tuwe wakweli katika maneno yetu na katika maandishi yetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.